Lost, Manifest, Yellowjackets au From: tuanze na ipi?

Sirimba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kuchagua tamthilia. Mdogo wangu amemaliza mtihani wa kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, na tumekubaliana tuangalie kitu kimoja kirefu pamoja kila usiku baada ya chakula. Sote tunapenda mafumbo, hasa ya ndege kupotea na watu kubaki mahali ambapo hakuna anayewatafuta.

Nimebaki na majina manne. Lost ndiyo kongwe, ilianza Septemba 2004 kituo cha ABC cha Marekani ikaisha Mei 2010: ndege ya Oceanic 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika angani juu ya Pasifiki, manusura wanajikuta kisiwani. Manifest, ndege inatoka Jamaika kwenda New York, inatua salama, ila duniani imepita miaka mitano na nusu. Yellowjackets, timu ya mpira ya wasichana wa sekondari ndege yao inaanguka msitu wa Kanada mwaka 1996. Ya nne ni From. Hii haina ndege, ni mji ambao ukiingia hutoki, lakini kila anayetaja Lost naona anaitaja na hii.

Vigezo vyangu ni viwili. Kwanza mwisho. Sitaki tukae wiki kadhaa halafu tugundue waandishi walikuwa wanatuzungusha. Lost naogopa hapo, maana kila mahali nasoma "mwisho wake mbovu, kumbe walishakufa siku nyingi". Pili bando. Lost ina sehemu 121, hizo ni saa 85 hivi. Nikiziweka hela zangu humo nataka nijue kwa nini.

Mwenye kutaja mambo ya mwisho aweke onyo mwanzoni, tafadhali.

Nyota ya Jaa

Mkuu, kwa vigezo hivyo jibu ni Manifest. Imekwisha, ina sehemu 62 tu, na inafaa kuangalia na familia kwa sababu haina damu nyingi wala mambo ya kumfanya mtu ageuze uso.

Fumbo lake linakukamata dakika ya kwanza. Abiria 191 wanapanda ndege namba 828 Aprili 2013, wanapita kwenye hali mbaya ya hewa dakika chache, wanatua Novemba 2018. Hawajazeeka hata siku moja. Mama amefariki, mchumba ameoa mwingine, pacha wa mtoto sasa ni binti mkubwa na yeye bado ni mtoto wa shule ya msingi. Hapo pa mapacha ndipo nilipolia. Mtoto mwenyewe, Cal, aliondoka na ugonjwa wa damu usio na tiba, akarudi wakati tiba imepatikana. Kwa hiyo ile miaka iliyopotea imewaibia wengine, yeye imemwokoa. Kutoka kwenye jambo hilo moja hadithi nzima inapata nguvu.

Mwisho wake umefungwa. Maswali makubwa yamejibiwa, hutaondoka na hasira.

Dira

Nyota, umefungwa ndiyo, ila waeleze na namna ulivyofungwa. NBC waliikata mwaka 2021 baada ya misimu mitatu. Mwandishi wake Jeff Rake alikuwa na ramani ya misimu sita. Ikaokolewa na Netflix kwa sababu watu waliivamia kule baada ya kukatwa, akapewa sehemu 20 za kumalizia kila kitu. Msimu wa nne unaonekana kabisa kwamba mtu anafungasha mizigo haraka basi lisije likamwacha. Wahusika wapya wanaletwa na kuondolewa kabla hujawajua. Na zile sauti wanazosikia vichwani, mwanzoni zina maana, baadaye kila sehemu ni sauti mpya na kazi mpya, unachoka.

Mleta mada, kama unataka kuandikwa vizuri, Yellowjackets. Waigizaji wa kike wa hali ya juu, Melanie Lynskey, Christina Ricci, Juliette Lewis, na wadogo wanaoigiza ujana wao wanafanana nao hadi mwendo. Unaona msitu wa 1996 na unaona walionusurika wakiwa watu wazima mwaka 2021, wameficha kitu. Walikaa kule miezi 19. Tangu dakika za mwanzo unajua walifanya jambo la kutisha, swali ni walifikaje huko.

Bi wa Kisauni

Dira, mwanangu, hiyo Yellowjackets mimi naiheshimu, lakini si ya kuketi na kijana wa kidato cha nne baada ya chakula. Ina kula nyama za watu, na hawakuonyeshi kwa mbali. Mtu mzima aitazame peke yake.

Wasichana wale ni wa kubuniwa, lakini njaa ile ilipata watu kweli. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya Uruguay iliyobeba timu ya raga ilianguka milima ya Andes. Walikuwa watu 45, wakaokolewa 16 baada ya siku 72, na walikula maiti za wenzao ili waishi. Wale walipotoka walikaa mbele ya dunia wakasema wazi tulifanya hivi. Yellowjackets inauliza kinyume chake: je, wasingesema? Hilo ndilo linaloipa uzito, na ndilo linaloifanya iwe nzito kwa kijana.

Mimi kura yangu Lost, tena bila kusita. Sababu yangu ni Sun na Jin, yule mke na mume wa Kikorea. Mwanzo wamchukia yule mume, wamwona mkali, amwamrisha mkewe afunge kifungo cha juu cha nguo. Kisha siku yao yafika, warudishwa nyuma Korea, waona baba mkwe ni nani na kijana yule alikuwa nani kabla hajaingia nyumba ile, na moyo wako wageuka. Wasemezana Kikorea na maandishi chini, kituo kikubwa cha Marekani, mwaka 2004. Haikuwa kawaida hata kidogo. Nami naketi nyumba ambayo mabinti wawili waliolewa wakahamia kwa watu, nalielewa kimya cha Sun kuliko nilivyoelewa dude lolote la msituni.

Mlinzi wa Usiku

From. Mkitaka kuogopa, From.

Mji mdogo, jua likizama kila mtu anafunga mlango na dirisha, kwa sababu nje wanatembea viumbe wenye sura za watu, wanatabasamu, wanagonga taratibu, wanaomba wafunguliwe. Hawakimbii. Kinachowazuia ni vijiwe vilivyoning'inizwa ndani ya nyumba. Ukifungua dirisha tu, basi.

Na uhusiano wake na Lost si wa maneno. Kiongozi wa mji, Boyd, ni Harold Perrineau, yule yule aliyekuwa Michael kwenye Lost. Mwongozaji mkuu Jack Bender ndiye aliyeongoza sehemu nyingi za Lost pamoja na ile ya mwisho, na Jeff Pinkner naye alipitia huko. Misimu mitatu ya kwanza ni sehemu kumi kumi, bando lako litatosha. Kasoro ni moja: maswali yanazaliwa haraka kuliko majibu.

Fundi Saa

Natia neno, na litakuwa refu, mnisamehe.

Sirimba, kigezo chako cha kwanza ni kizuri lakini kiulize vizuri zaidi. Tamthilia ya fumbo kwenye televisheni haiharibiki kwa sababu waandishi hawana akili. Inaharibika kwa sababu hawajui mwisho uko lini. Kituo cha televisheni kinauza matangazo. Ikipendwa, kinataka iendelee milele. Ikipungua watazamaji, kinaikata hata kesho. Mwandishi wa hadithi ya mapenzi anaweza kuishi hivyo. Mwandishi wa fumbo hawezi, kwa sababu kila jibu analotoa mapema ni mafuta aliyomwaga, na kila jibu analochelewesha ni hasira ya mtazamaji.

Lost ilikumbana na hili kuliko tamthilia yoyote ya wakati wake. Tangu kuzaliwa kwake ilikuwa mashaka. Wazo lilitoka kwa Lloyd Braun, mkuu wa ABC, aliyetaka hadithi ya watu waliokwama kisiwani. J.J. Abrams na Damon Lindelof wakaiandika upya mbio mbio. Sehemu ya ufunguzi iligharimu zaidi ya dola milioni 10, wakanunua ndege kuukuu aina ya Lockheed L-1011, wakaikatakata na kuisafirisha hadi ufukwe wa Oahu, Hawaii. Wakubwa wakashtuka, Braun akaondolewa kazini kabla haijarushwa. Sauti inayosema "yaliyopita kwenye Lost" mwanzoni mwa kila sehemu ni yake. Nikiisikia hadi leo namkumbuka.

Ikarushwa, ikalipuka. Mwaka 2005 ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu sasa ABC hawakutaka iishe. Msimu wa kwanza una sehemu 25, wa pili 24, wa tatu 23. Waandishi wakawa hawana pa kwenda. Katikati ya msimu wa tatu wakaandika sehemu nzima kueleza Jack, mhusika mkuu, alipata wapi michoro ya mwilini. Lindelof mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba sehemu ile ndiyo aliyoitumia kuwaambia wakubwa: mtatupa tarehe ya mwisho, la sivyo mtapata zaidi ya hizi.

Mei 2007 wakakubaliwa. Zimebaki sehemu 48, misimu mitatu, kisha tunafunga. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa kituo cha matangazo: kuua kwa hiari kitu kinachoingiza pesa, tena miaka mitatu kabla. Angalieni kilichotokea mara tu baada ya hapo. Mwisho wa msimu wa tatu ni kati ya saa mbili bora kabisa nilizowahi kuona, na msimu wa nne unakwenda kama mshale. Hata mgomo wa waandishi wa 2007 na 2008 ulipoupunguza hadi sehemu 14 haukuuvunja, kwa sababu walijua wanakokwenda.

Sasa zipime hizo nyingine kwa kipimo hicho hicho. Manifest ilikatwa, ikaokolewa, ikafunga kwa haraka. Dira amesema kweli. Yellowjackets waundaji walianza na mpango wa misimu mitano, na sasa wa nne ndio wa kufungia. Ipo nyingine ya Amazon, The Wilds, wasichana kisiwani pia, ilikatwa baada ya misimu miwili katikati ya hadithi, hiyo usiiguse. Kati ya hizi zote Lost peke yake ndiyo iliyopewa tarehe mapema ikafika nayo.

Dira

Fundi, hotuba nzuri, lakini tarehe haijibu maswali. Walifika kwenye tarehe, wakaacha vitu mezani. Nitaje vichache visivyoharibu utamu. Walt, yule mtoto, msimu wa kwanza tunaambiwa ana kitu cha pekee, ndege wanakufa akikasirika, watu wanamwiba kwa sababu yake. Kisha kimya. Kisiwani zimepita siku 44 tu msimu mzima wa kwanza, huku mwigizaji anarefuka kila mwezi, wakashindwa kumtumia. Libby, mmoja wa manusura, na ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kimya. Na msimu wa tano, ngalawa mbili zinafukuzana baharini, kundi letu linapigwa risasi na watu wa ngalawa ya nyuma. Nani wale? Hadi leo.

Usiniambie ni mambo madogo. Ukinionyesha bunduki mara ya kwanza unaniomba nikumbuke. Nilikumbuka.

Na kuna lingine ambalo wapenzi wa Lost hawapendi kulisikia. Mwaka 2023 mwandishi wa habari Maureen Ryan alichapisha ushuhuda wa watu waliofanya kazi humo, kuhusu ubaguzi katika chumba cha waandishi. Perrineau alieleza alivyolalamika kwamba hadithi zinawaelemea wahusika weupe, na kwamba hakutaka Michael aonekane baba mweusi asiyejali mtoto wake ametekwa. Msimu wa tatu hayumo. Lindelof alikiri kwamba alishindwa kama kiongozi. Ukijua hayo, ukitazama Michael na Walt walivyotolewa, hutaona ni bahati mbaya tu.

Fundi Saa

Hilo la mwisho silibishii neno, na ni sahihi kila anayeipendekeza Lost alitaje. Linaonekana kwenye kioo. Ukihesabu nani anapewa sehemu za kurudi nyuma tena na tena, na nani anapewa chache halafu anaondoka, jibu unaliona mwenyewe.

Kuhusu ngalawa nakubali. Haikujibiwa. Kuhusu mengine, watu wanasema "hakuna majibu" wakati majibu yapo, ila hayakuletwa kwa tarumbeta. Dubu weupe katikati ya msitu wa joto: waliletwa na watafiti wa DHARMA miaka ya 1970 na vizimba vyao tunaviona msimu wa tatu. Minong'ono msituni ilijibiwa msimu wa sita, kwa sentensi mbili. Dude la moshi mweusi lilipewa sehemu nzima. Zile namba zinazojirudia kwenye hadithi, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, zimeelezwa zilikuwa zinahesabu nini. Unaweza usilipende jibu. Lakini kutolipenda na kutopewa ni mambo mawili.

ONYO, AYA INAYOFUATA INAGUSA MWISHO. Sirimba ruka.

"Walishakufa siku nyingi" si kweli. Kisiwa kilitokea, chote, na yaliyowapata kule yaliwapata wakiwa hai. Baba yake Jack anamwambia hivyo waziwazi dakika za mwisho: kila kilichokupata ni kweli, na kila mtu hufa, wengine kabla yako, wengine muda mrefu baada yako. Kinachoonyesha mahali baada ya kifo ni ule upande wa pili wa msimu wa sita pekee, yale maisha mengine yanayoonyeshwa sambamba na kisiwa. Watu walichanganyikiwa kwa sababu usiku ule, 23 Mei 2010, ABC waliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, pakavu bila mtu, wakati majina yanapita. Ziliwekwa ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya taarifa ya habari. Mamilioni wakadhani ni jibu.

Mto Ruzizi

Habari zenu ndugu. Niko Bukavu. Nimefuatilia uzi huu nikiwa kimya, lakini naona mmezungumza juu ya wahusika weusi bila kumtaja Eko, nami siwezi kulala bila kumtaja.

Eko anaingia msimu wa pili. Mwigizaji ni Adewale Akinnuoye-Agbaje, Mwingereza wa wazazi wa Kinigeria. Sehemu ya kumi ya msimu huo imepewa jina la Zaburi ya 23, na inaanzia kijijini Nigeria. Wanakuja watu wenye silaha kuchukua watoto. Wanamwekea mtoto mdogo bastola mkononi, wanamwamuru amuue mzee. Mtoto analia, hawezi. Kaka yake, ndiye Eko, anaichukua ile bastola yeye, ili mdogo wake asiifanye kazi hiyo. Wanamwondoa msalaba shingoni, wanamsifu, wanamchukua. Mdogo anabaki, anakuwa padri.

Sisi huku tunawajua watu waliochukuliwa wakiwa watoto. Wamerudi, wako mitaani kwetu, wengine wana wake na watoto. Watu hawajui wawaite wahalifu au wawaite wahanga, na wao wenyewe hawajui. Sijaona tamthilia ya Marekani iliyolishika jambo hilo kwa saa moja bila kumgeuza mtoto yule kuwa shetani au kuwa wa kuhurumiwa tu. Eko anakuwa mtu mbaya kweli, mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Na bado yale aliyoyafanya siku ile aliyafanya kwa upendo. Vyote viwili vinakaa mtu mmoja, na sehemu ile haikulazimishi uchague.

Ndiyo, ndege ndogo kutoka Nigeria haiwezi kufika Pasifiki. Nilijua nilipoiona mara ya kwanza. Lakini Eko anapoikuta imeanguka msituni na kufahamu ni nani aliye ndani, sikukumbuka ramani.

Kwa hiyo Dira ana haki, walimpoteza Walt na walimtumia vibaya Michael. Eko naye aliondoka mapema, ingawa ni mwigizaji mwenyewe aliyeomba kuondoka. Mimi naipendekeza Lost kwa saa ile moja.

Msafiri wa Muscat

Mto Ruzizi, Mungu akubariki kwa maneno hayo.

Mimi naongeza Sayid. Mwaka 2004 vita vya Iraki vinawaka, majeshi ya Marekani yako Baghdad, na Lost wanamweka askari wa zamani wa Iraki miongoni mwa mashujaa wake. Ndiye anayetengeneza redio, ndiye anayegundua ule ujumbe wa Kifaransa umekuwa ukijirudia miaka 16. Ana historia ya kutesa watu, na inamla. Mwigizaji Naveen Andrews ni mzaliwa wa London mwenye asili ya Kihindi, Waarabu huku wanaona lafudhi si yao, ni kweli. Lakini Mwislamu mwenye akili, adabu na majuto, anayeswali, kwenye televisheni ya Marekani mwaka ule? Tulikuwa tunahesabu wangapi? Msimu wa sita hawakumtendea haki, hapo nina kinyongo nao. Misimu mitano ya kwanza namshukuru aliyemwandika.

Nyota ya Jaa

Nimesoma yote. Bado nasema kwa mtu mwenye bando la kuhesabu, Manifest ni nusu ya muda. Ila nakiri Manifest haina Eko. Cal na dada yake ndio pekee niliowabeba baada ya kumaliza. Wengine ukiniuliza majina nitayatafuta.

Mlinzi wa Usiku

Swali kwa Fundi. Kama kipimo ni tarehe ya mwisho, mbona Lindelof alikwenda HBO akatengeneza The Leftovers, fumbo lisilojibiwa kabisa, na watu wengi wanasema ndiyo kazi yake bora?

Fundi Saa

Swali zuri sana. The Leftovers, 2014 hadi 2017, sehemu 28 tu. Asilimia mbili ya watu duniani wanatoweka siku moja, na hadithi inakwambia mapema kwamba haitakueleza walikwenda wapi, itakueleza waliobaki waliishije. Makubaliano yale yako wazi tangu mwanzo, ndiyo maana hakuna aliyehisi kudanganywa. Lost iliahidi vyote viwili, mafumbo na watu, na kwenye watu ndipo ilipolipa deni lote. Kwa mdogo wa Sirimba ingekuwa nzito mno, lakini mkimaliza Lost na kiu ikabaki, wewe mwenyewe Sirimba iendee.

Sirimba (mleta mada)

Wakuu asanteni sana, sikutegemea uzi ungefika hapa. Bi wa Kisauni, shikamoo mama. Nimemsomea mdogo wangu maneno ya Mto Ruzizi, amenyamaza kidogo akasema "hiyo hiyo". Tumeamua Lost. Yellowjackets nitaiangalia mwenyewe baadaye.

Sasa naomba la mwisho. Kwa sababu ya bando, kuna sehemu za kuruka? Na kama haitatukamata, tuiache wapi bila kujuta?

Bi wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Mpeleke mdogo wako polepole, msikimbize. Mbili kwa usiku zatosha, miezi miwili mtakuwa mmemaliza.

Dira

Kipimo cha kuacha ni sehemu ya nne, ile ya mzee Locke. Hata mimi niliyeipinga hapa juu nasema hivyo. Angalieni mbili za ufunguzi mfululizo, kisha ya tatu, kisha ya nne hadi dakika ya mwisho kabisa. Kama haikuwashika pale haitawashika tena, nendeni Manifest. Zimeni simu, na msisome chochote kuhusu Locke kabla.

Za kuruka: ile ya michoro ya Jack, ya tisa msimu wa tatu. Hutapoteza kitu. Ile ya Nikki na Paulo watu wanaichukia, mimi nasema iangalieni, inasimama peke yake kama hadithi fupi ya kutisha.

Fundi Saa

Nakubaliana na Dira zote mbili. Naongeza tatu.

Sehemu sita za mwanzo za msimu wa tatu ni nzito, wanakaa sana kwenye vizimba. Zipiteni upesi, siku mbili tatu mfululizo, msizitawanye. Walioziona 2006 walisubiri hadi Februari kupata ya saba, ndiyo maana wana uchungu nazo. Nyinyi hamna haja ya kusubiri.

Sikilizeni muziki. Ni wa Michael Giacchino, okestra ya kweli, na baadhi ya ngoma mnazosikia ni vipande vya mabaki ya ndege vilivyopigwa kama vyombo. Simu yenye spika ndogo itawanyima hilo, tafuteni spika au vipokea sauti.

Ya tano ya msimu wa nne, ya Desmond, msiiangalie mkiwa na usingizi. Inaruka kati ya nyakati na kila tarehe ina maana. Na baada ya sehemu ya mwisho kabisa kuna nyongeza ya dakika 12 hivi iliyotoka kwenye DVD mwaka 2010. Humo mnakutana tena na Walt, na ule mzigo wa chakula unaoanguka kutoka angani unaelezwa ulikuwa ukitoka wapi. Muitafute mkishamaliza yote, wala msiifungue kabla.